Kabla Baba Hajauza Mashua Uende India



Haya ni maneno niliyowaambia vijana hapa Sori, Karungu, baada ya swala ya Alasiri. Nimeyaandika kwa ajili yako ambaye hukuweza kufika, na kwa wewe uliye mbali ambaye jambo hili linakuhusu vilevile.

Ndugu yangu, dada yangu, nianze na simu. Majuzi kijana mmoja wa hapa kwetu alinipigia usiku. "Mwalimu, nimepata barua ya chuo India, ya kusoma masta. Ajenti anasema nilipe kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi inaenda kwa mwingine. Baba ameshapata mteja wa mashua. Nilipe?"

Nikamuuliza maswali matatu. Unaenda kusoma nini hasa? Ukirudi, unataka kufanya kazi gani? Na huko, nani atakufundisha? La kwanza akajibu, "Mambo ya biashara hivi." La pili akasema, "Nitaona nikirudi." La tatu akanyamaza. Nikamwambia, mdogo wangu, usilipe. Mwambie mzee asiuze mashua kwanza.

Sikumwambia hivyo kwa sababu naichukia India. Nilimwambia hivyo kwa sababu najua mashua inauzwa kwa siku moja, na kuirudisha kunachukua miaka.

Mwaka 2011 baba yangu aliuza mashua pamoja na injini yake ili mimi niende India. Shahada yangu ya kwanza ilikuwa ya biolojia. Ajenti, ambaye sitamtaja, aliniambia biolojia haina pesa, nichukue masta ya usimamizi wa biashara. Sikuuliza mtu. Nilikuwa naona fahari tu kwamba napanda ndege. Nilirudi 2013 na cheti kizuri, chenye muhuri. Nikaomba kazi ya kufundisha chuoni. Idara ya sayansi wakaniuliza, "Masta yako ni ya nini?" Idara ya biashara wakaniuliza, "Shahada yako ya kwanza ni ya nini?" Nikawa kama popo, si ndege, si mnyama. Ilibidi nianze masta ya pili, ya sayansi ya samaki, wakati wenzangu niliomaliza nao wameshaanza uzamivu.

Baba hakunilaumu hata siku moja. Lakini mpaka leo akipita ufuoni asubuhi, wakati omena wanashushwa, anatembea haraka na haangalii mashua za wenzake. Hilo linaniuma kuliko angenigombeza.

Kwa hiyo neno langu leo ni moja: anza mwisho. Jua kwanza unarudi kufanya nini, ndipo uchague somo. Ukishajua somo, tafuta mwalimu. Ukishampata mwalimu, ndipo jina la chuo na la nchi lifuate. Wengi wetu tunaanza na nchi, somo tunachaguliwa na ajenti, na swali la kazi tunaliacha mpaka siku ya kurudi.

Hebu tuanze na swali la utafiti, kwa sababu uzamili mzuri na uzamivu mzuri vyote vinaanzia hapo. Utasema, mimi mtoto wa Karungu nina swali gani la kupeleka chuo kikuu? Nikwambie, unakaa juu ya maswali ambayo watu wengine wanavuka bahari kuyafuata.

Mwaka 1911 msomi mmoja Mwingereza, Dakta Felix Oswald, alitumwa na jumba la makumbusho la London kuja hapa hapa Karungu kuchimba visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka kuwa mawe. Mwaka huohuo mnyama wa jamii ya ndovu, ambaye pembe zake zinatoka taya la chini na kupinda kuelekea ardhini, alipewa jina la kisayansi kutokana na mabaki ya hapa: Deinotherium hobleyi. Hilo hobleyi ni la afisa wa kikoloni, C. W. Hobley. Mifupa ya zaidi ya miaka milioni 15 imetoka kwenye makorongo tunayochungia mbuzi, na imebeba jina la mtu wa Uingereza. Tangu siku hizo mpaka majuzi, watafiti wa vyuo vya nje wamekuwa wakija, wanakodi gari, wanaajiri vijana wetu kubeba mizigo, kisha wanaenda kuandika. Silaumu mtu. Nauliza tu, kwa nini kijana wetu awe wa kubeba mizigo peke yake?

Tuje kwenye ziwa. Samaki wanapungua, vizimba vya kufuga ngege vinaongezeka, na kuna siku samaki wanakufa vizimbani na mwenye kizimba hajui sababu. Hilo ni swali la uzamivu. Nenda Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu. Vijana na akina mama wanashika zebaki kwa mikono mitupu. Inaenda wapi ile zebaki mvua ikinyesha? Hilo nalo ni swali. Ingia nyumba yenye mtoto wa selimundu, ugonjwa ambao umetusumbua sana sisi watu wa kando ya ziwa. Swali jingine.

Sasa ndipo India inaanza kuwa na maana, kwa sababu India nayo ina maswali hayo hayo. India ni ya pili duniani kwa ufugaji wa samaki, baada ya China. Mumbai kuna chuo cha elimu ya uvuvi, CIFE, kilichoanza 1961, kinachotoa uzamili na uzamivu wa samaki tupu. Kule Kerala kuna chuo kikuu kizima cha uvuvi na bahari, KUFOS. Kuhusu madini, Dhanbad kuna shule ya migodi iliyofunguliwa 1926, ambayo tangu 2016 ni mojawapo ya vyuo vya teknolojia vya IIT. Kuhusu visukuku, mji wa Lucknow una taasisi ya Birbal Sahni, iliyoanzishwa 1946. Na selimundu, serikali ya India ilizindua mwezi Julai 2023 mpango wa taifa wa kuutokomeza ifikapo 2047, kwa hiyo kuna utafiti mwingi juu yake huko.

Umeona tofauti? Mtu akikuuliza "kwa nini India?" huwezi kujibu "kwa sababu ni rahisi" au "kwa sababu binamu yangu alienda". Jibu linakuwa: "Swali langu ni hili, na mtu anayelijua vizuri yuko pale." Huyo mtu mtafute kwa jina. Soma alichoandika. Mwandikie barua pepe fupi, umweleze swali lako kwa mistari kumi. Akikujibu, umepata kitu ambacho ajenti hawezi kukuuzia. Asipojibu, mwandikie mwingine. Mimi niliandika barua nyingi kabla sijapata jibu moja, na lile jibu moja lilibadilisha maisha yangu.

Sasa sikiliza vizuri habari ya vyuo vyenyewe, maana hapa ndipo watu wanapotapeliwa.

India ina vyuo vya serikali kuu, vya majimbo, vilivyopewa hadhi ya chuo kikuu, na vya binafsi. Vyote vinasimamiwa na tume yao, UGC. Hiyo tume hutangaza orodha ya vyuo bandia. Itafute kwenye tovuti yao kabla ya kutuma hata shilingi. Kuna chombo kingine, NAAC, kinachokagua vyuo na kuvipa alama kuanzia A++ kushuka chini. Chuo kikijisifu kwako, ingia NAAC uone alama yake na tarehe inayokwisha. Na usidhani chuo kuwa na jengo zuri ni dhamana. Mwaka 2020 chuo kimoja cha binafsi jimbo la Himachal Pradesh kilianza kuchunguzwa kwa tuhuma za kuuza maelfu ya shahada. Fikiria wewe umesoma pale kwa jasho lako, na cheti chako kinafanana na cha mtu aliyenunua.

Kuhusu uzamivu, UGC ilibadilisha kanuni mwaka 2022. Shahada ya MPhil imefutwa, kwa hiyo mtu akikuuzia MPhil mpya leo, mkimbie. Uzamivu unachukua miaka mitatu kwa uchache na sita kwa kawaida ya mwisho. Masta yako iwe imefika asilimia 55. Na uzamivu wa masafa, ule wa kusoma mtandaoni ukiwa nyumbani, hauruhusiwi. Ajenti akikwambia utapata PhD ya India huku umekaa Sori, anakudanganya mchana kweupe.

Kuna jambo jingine jipya. Kwa sera mpya ya elimu ya India, baadhi ya vyuo sasa vinatoa masta ya mwaka mmoja kwa mtu aliyesoma shahada ya miaka minne. Sisi Wakenya tumesoma miaka minne, kwa hiyo utaambiwa unafaa. Ni nafuu, kweli. Lakini kabla hujaichukua, uliza huku nyumbani kama itakubaliwa kwa kazi unayoitaka.

Na hapo ndipo wengi tunaposahau. Cheti cha nje lazima kitambuliwe Kenya. Andikia tume ya elimu ya vyuo vikuu, CUE, na mamlaka ya sifa za elimu, KNQA, uulize kuhusu chuo kile na shahada ile, kwa jina. Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi, utunze jibu. Kama fani yako ina bodi, kama uhandisi, ufamasia, udaktari au sheria, andikia na bodi hiyo. Barua hizi ziandike kabla ya kulipa karo. Ukiziandika baada ya kurudi, hazitakuwa tena maswali, zitakuwa maombi ya kuhurumiwa.

Tuzungumze pesa. Visa ya mwanafunzi ya India haikuruhusu kuajiriwa. Usiende na hesabu ya kwamba utafanya kazi jioni ulipe karo. Ile pesa ya mwaka wa kwanza ikiisha, mwaka wa pili utapiga simu nyumbani, na nyumbani mashua haipo.

Kwa hiyo jaribu kwanza ufadhili. Uko ufadhili wa serikali ya India unaotolewa na baraza lao la uhusiano wa kitamaduni, ICCR. Unalipia masomo na kukupa posho ya mwezi. Unaombwa mtandaoni, dirisha kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na hauhitaji ajenti. Udaktari wa binadamu hauko humo, lakini masta na uzamivu wa sayansi, uchumi, lugha na mengine yako. Jua pia kwamba baraza hilo lilianzishwa 1950 na Maulana Abul Kalam Azad, Muislamu, msomi, waziri wa kwanza wa elimu wa India huru. Na Waafrika wametumia milango ya India zamani sana. Bingu wa Mutharika, aliyekuja kuwa rais wa Malawi mwaka 2004, alisoma uchumi Delhi miaka ya 1960.

Kama safari ni ndefu mno kwa familia yako, hasa kwa dada zetu ambao wazazi wanasita, jua kwamba India imesogea karibu. IIT Madras ilifungua tawi Zanzibar mwaka 2023, la kwanza la IIT nje ya India, na linafundisha masta ya sayansi ya data na akili bandia. Unavuka Isebania, unashuka Dar, unapanda boti. Watu wanafunga Ramadhani na kusali Idi kama huku.

Lazima niseme na hili, kwa sababu ningekuficha ningekuwa nimekudhulumu. Utakuwa Muislamu, na utakuwa mweusi, katika nchi kubwa yenye kila aina ya watu. Mimi niliishi na Wahindu walionipikia nilipougua. Pia nilinyimwa chumba na mwenye nyumba mara tu aliposikia jina langu. Yote mawili ni kweli. Mwishoni mwa Januari 2016 mwanafunzi wa kike Mtanzania alishambuliwa na kundi la watu Bengaluru. Machi 2024, mwezi wa Ramadhani, wanafunzi wa kigeni waliokuwa wanaswali tarawehe kwenye bweni la chuo kikuu cha Gujarat, Ahmedabad, walivamiwa, na wengine wakapelekwa hospitali. Wanafunzi kutoka Afrika walikuwemo.

Sikuambii haya uogope. Nakuambia ili uchague ukiwa macho. Mji unaokwenda una jamii gani? Una wanafunzi wa Kiafrika? Tafuta chama chao, zungumza na walioko huko sasa, sio walioondoka miaka kumi iliyopita. Bweni la chuo ni salama kuliko kupanga mtaani mwaka wa kwanza. Ukifika, kama visa yako inazidi siku 180, jiandikishe kwa ofisi ya wageni, FRRO, ndani ya siku 14. Weka namba ya ubalozi wetu wa New Delhi kwenye simu na mpe mama nakala. Ukidhulumiwa, andika tarehe, saa, majina, piga picha, peleka kwa chuo kwa maandishi. Haki isiyoandikwa hupotea haraka.

Na kuna vyuo ambavyo jina lako halitakuwa geni. Aligarh, ambako Sir Syed Ahmad Khan alianzisha chuo mwaka 1875, kikawa chuo kikuu 1920. Ndani yake kuna chuo cha wanawake kilichoanza kama shule ya wasichana 1906, zamani sana kabla ya wazee wengi hapa kukubali binti asome. Jamia Millia Islamia, Delhi, nayo ilianza 1920. Wanasoma humo Waislamu na wasio Waislamu. Lakini hata huko, usichague kwa sababu ya jina peke yake. Ukiwa na swali la samaki, na mtaalamu wa samaki yuko Kerala, nenda Kerala. Msikiti utaukuta.

Mwisho, kazi yenyewe. Wengine mnataka kuwa wahadhiri kwa sababu mnaona heshima. Heshima ipo. Lakini ujue njia ilivyo. Tangu 2014, vigezo vya CUE vinataka mhadhiri awe na uzamivu. Mwenye masta peke yake anaanzia chini. Wengi tunaanza kwa kufundisha vipindi vya muda, na malipo yanachelewa miezi. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa siku 49 wakidai pesa zao. Kama unataka utajiri wa haraka, hii si njia yake, na ni afadhali ujue leo.

Lakini usifikiri kazi ya msomi ni darasani tu. Mbita, si mbali na hapa, wako watafiti wa wadudu wa ICIPE. Kisumu wako watafiti wa ziwa, KMFRI. Rongo kuna chuo kikuu, Homa Bay kuna Tom Mboya. Vyote hivyo vinahitaji watu, na sioni ni kwa nini watu hao wasitoke Karungu. Sisi Waislamu wa upande huu wa ziwa ni wachache, na mara nyingi tunalalamika kwamba hatusikiki penye maamuzi. Basi siku tume itakapokaa kuamua kuhusu zebaki ya Macalder au vizimba vya ziwani, mwenye utafiti mkononi atasikilizwa kabla ya mwenye sauti kubwa.

Sasa kazi yako ya wiki hii. Chukua karatasi moja. Juu andika swali lako, kwa Kiswahili cha kawaida, ambalo mama yako akilisoma ataelewa. Chini yake andika kazi mbili ambazo jibu la swali hilo linaweza kukupa hapa Kenya, na sifa ambazo tangazo la kazi hizo linataka. Chini yake andika majina matatu ya walimu, popote walipo, wanaolifanyia kazi swali hilo. Mwisho andika gharama yote mpaka siku ya kumaliza, sio ya mwaka wa kwanza peke yake, na itatoka wapi. Kisha keti na mzee nyumbani, umsomee.

Ukishindwa kujaza karatasi hiyo, bado muda wako. Hakuna aibu kukaa mwaka mmoja ukajipanga. Ukiijaza yote, nenda, na dua zetu ziko nawe, iwe ni Mumbai, Aligarh, Zanzibar au Maseno.

Yule kijana wa simu alikuja kukaa mbele leo. Ijumaa ya ajenti imepita na nafasi, alivyotarajia mwenyewe, haikwenda popote. Ajenti amempigia tena akimpunguzia bei. Yeye ana karatasi yake. Imejaa nusu. Mashua ya baba yake iko ufuoni, nimeipita nikija hapa, wanashona nyavu.

Allah atupe elimu yenye manufaa, na atujaalie tusiwatie wazazi wetu katika hasara. Amin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.